Shamba Linauzwa, Digrii Inanunuliwa, Lakini PR Haiko kwa Risiti

Jumapili iliyopita familia yetu iliitisha kikao ushago. Ajenda ilikuwa moja: kuuza robo eka ili binamu yangu aende Australia kusomea uhasibu. Nimesema uhasibu, lakini tulikaa pale karibu saa mbili na hilo neno sikulisikia mara tatu. Neno lililokuwa kwa mdomo wa kila mtu ni PR. Ataenda, atasoma miaka mitatu, atapata PR, kisha ataita wengine. Anko alikuwa na karatasi ya ejenti, ya rangi kabisa, na mishale mitatu: masomo, kazi, ukaazi wa kudumu. Mishale imenyooka kama reli.

Nikauliza swali moja tu. "Anko, huu mshale wa tatu ni nani ameuahidi?"

Akaniangalia kutoka juu hadi chini. "Wewe uliacha chuo mwaka wa pili. Utatuambia nini kuhusu masomo?"

Sawa, hiyo niliila. Ni kweli niliacha BCom, na mathe bado hajanisamehe vizuri. Lakini nilikaa kwa darasa la uhasibu muda wa kutosha kujua kwamba pesa unayotumaini kupata huwezi kuiandika kama mapato. Na hiyo karatasi ilikuwa imeandika PR kama kitu ambacho tayari kiko benki.

Kwa hivyo niliporudi Nairobi nilikesha na simu. Sikuwa naangalia video za wasee wakionyesha fleti zao Melbourne. Nilikuwa nasoma sheria zenyewe za Australia, na nikampigia binamu hesabu yake.

Iko hivi. Ukaazi wa watu wenye ujuzi kule unaombwa kwa pointi. Ili uruhusiwe tu kupanga foleni unahitaji 65. Binamu atamaliza akiwa na miaka 23 ama 24, umri huo una pointi 25. Digrii, 15. Kusomea Australia, 5. Kuwa singo, 10, na sitanii, serikali ya Australia inakupa pointi kwa kukosa mtu. Kiingereza kikiwa cha kiwango cha juu kabisa, 20, na hapo hatuongelei Kiingereza cha kuagiza chakula, ni mtihani ambao hata waliozaliwa wakikiongea wanaweza kuuanguka. Jumla, 75.

Kuna za kuokota pia. Ukifanya ile programu yao ya mwaka wa kitaaluma, wiki 44 na unailipia, unaongeza 5. Halafu kuna mtihani wa ukalimani wa NAATI, nao una 5, na Kiswahili kiko kwa orodha ya lugha zao. Hapo nilicheka peke yangu usiku. Hii lugha tunayoambiwa haina faida ina pointi sawa na mwaka mzima wa programu.

Tumefika 85. Amefanya kila kitu vizuri, hajaanguka popote, hajaoa. Shida ni kwamba ile 65 ni ya kuingia kwa foleni tu. Wanaoitwa ni wenye pointi za juu kwanza, na miaka ya hivi karibuni wahasibu kwenye viza ya kujitegemea wamekuwa wakiitwa kutoka 90 kwenda juu. Kwa sababu gani? Kwa sababu ejenti wa Nairobi si ejenti wa kwanza duniani kuchora hiyo mishale. Wanafunzi kutoka kila kona ya Asia wamepita njia hii hii ya uhasibu zaidi ya miaka 20. Wauguzi na walimu wa sekondari wameitwa wakiwa na pointi chache zaidi, lakini hiyo haikuwa kwa karatasi ya anko.

Nisiwe mwongo: kuna milango mingine. Jimbo likikuteua unapata 5 zaidi, na ukikubali kuishi mikoani kuna viza yenye 15. Ukimaliza digrii ya kwanza unaweza kupewa viza ya kubaki na kufanya kazi, kwa kawaida miaka miwili, na mwaka mmoja wa kazi ya uhasibu unakuongezea 5. Lakini ni kazi ya uhasibu. Kupanga masanduku kwa bohari hakuhesabiwi, hata kama unalipwa poa na una jaketi yenye jina lako. Na hapo kuna mduara mchungu. Mwajiri anasita kukuchukua kwa kuwa viza yako inaisha karibuni, na viza yako haitasonga bila huyo mwajiri.

Sasa weka hiyo kando ya robo eka. Kuomba viza ya mwanafunzi ni dola 2,000 za Australia tangu Julai 2025, zaidi ya laki moja na nusu zetu, na ukinyimwa usitarajie kurudishiwa. Unaonyesha kwamba una dola 29,710 za kuishi mwaka mmoja, hiyo ni zaidi ya milioni mbili, na karo haijaguswa. Karo ya mwaka inaweza kufika dola 40,000. Ejenti alimwambia anko kijana "atajisomesha na kazi za jioni". Masomo yakiendelea, mwanafunzi anaruhusiwa saa 48 za kazi kwa wiki mbili. Hizo zinalipa chumba na chakula. Karo itarudi kuulizwa ushago, na ushago itakuwa imeshauza shamba.

Kitu kilichonitisha zaidi hata si pesa. Miaka ya 2000 wanafunzi wa kigeni walimiminika Australia kusomea upishi na ususi, kwa sababu kozi hizo zilikuwa njia ya PR. Mwaka 2010 serikali ikabadilisha orodha, wapishi na wasusi wakatolewa. Watu walikuwa darasani, karo imelipwa. Hakuna aliyevunja mkataba, maana PR haikuwa kwa mkataba wowote.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na mnaweza kunitusi. Kama unapenda uhasibu, yaani ungeusoma hata kama ungerudi kufanya kazi Industrial Area, nenda. Digrii itabaki yako. Lakini kama unaenda kwa sababu ya mshale wa tatu peke yake, unacheza bahati nasibu na shamba la shosho.

Nilimuuliza binamu kwa simu: ungependa kuwa mhasibu? Akanyamaza. Kisha akasema, "Sijui bro, hakuna mtu amewahi kuniuliza."

Nikamwambia kuna CPA ya KASNEB hapa nyumbani. Ukiwa na C+ ya KCSE unaanza, huhitaji digrii kwanza, na unalipa mtihani kwa mtihani. Afanye sehemu ya kwanza. Akiipenda, shamba bado litakuwepo. Akichukia, tutakuwa tumepoteza miezi, si robo eka.

Mnunuzi anakuja kupima Jumamosi. Binamu ameniomba ile hesabu ya pointi kwa karatasi, kwa mwandiko mkubwa, anasema ataisoma yeye mwenyewe mbele ya anko. Nimeituma leo asubuhi na matatu. Kama wewe ulimaliza uhasibu kule na hesabu yangu ina makosa, niandikie kabla ya hiyo Jumamosi.