Kabla ya Kuchanga, Tuwaulize Wenyeji



Mkutano mkuu wa mwaka wa jumuiya yetu hapa Uingereza umekaribia, na safari hii ajenda ina jambo jipya. Wanachama wengi, vijana wakiwa mstari wa mbele, wameomba sehemu ya michango yetu ielekezwe kwa mashirika yanayohifadhi wanyama na mazingira huko nyumbani. Mapendekezo yaliyofika mezani ni mengi: tembo yatima, kasa, sokwe, punda, upandaji miti, mikoko. Kila moja limeletwa na mtu anayelipenda kwa dhati, na jarida hili linaliunga mkono wazo hilo kwa moyo wote. Tunachotaka kukizungumzia hapa ni namna ya kuchagua. Fedha zetu si nyingi, na tukizigawa kwa kila picha inayotutoa machozi, hazitafika popote kwa kiasi cha kufanya kazi.

Kwanza tujibu swali ambalo wazee wetu wameliuliza, tena kwa haki: watu wetu hawana maji wala dawa, iweje sisi tuchangie wanyama na miti?

Jibu mojawapo liko Ghuba ya Gazi, katika Kaunti ya Kwale. Tangu mwaka 2013, wanavijiji wa Gazi na Makongeni wamekuwa wakitunza hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko hiyo hupimwa, huthibitishwa, kisha huuzwa kwa watu na kampuni za ng'ambo zinazotaka kufidia uchafuzi wao. Mapato yanaporudi, wanavijiji hukaa na kuamua yatumike wapi. Yamevuta maji ya bomba, yamenunua vitabu vya shule na kukarabati madarasa. Mikoko hiyohiyo ndiyo mazalia ya samaki na kaa, na ndiyo inayozuia ufuo usiliwe na bahari. Anayeulinda mkoko pale Gazi anailinda pia ndoo ya maji ya jirani yake na kitoweo chake.

Jibu la pili liko Pemba. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ambao ukishaonyesha dalili kwa binadamu, kupona ni karibu muhali, na kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, asilimia 99 ya maambukizi kwa watu hutokana na mbwa. Dawa yake inajulikana: wachanje angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, urudie kila mwaka, na ugonjwa utakosa pa kupita. Pemba ilifanya hivyo na ugonjwa ukatoweka. Ukaingizwa tena kutoka nje, chanjo ikarudiwa, na kufikia 2018 ukawa umekomeshwa tena. Watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara na wa Chuo Kikuu cha Glasgow waliifuatilia kazi hiyo hatua kwa hatua. Sindano anayochomwa mbwa wa mtaani humwokoa mbwa, na humwokoa mtoto ambaye angeng'atwa njiani akitoka madrasa au shule.

Na punda je? Kenya ilipotoa leseni za machinjio ya punda kuanzia 2016, ngozi zilisafirishwa kwenda China kutengenezewa dawa ya kienyeji iitwayo ejiao. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 hivi nchini humo, na ile ya 2019 ikawakuta kama milioni 1.2. Wizi ukaenea. Mama aliyekuwa akichota maji kwa punda huamka asubuhi akakuta kamba imekatwa, na tangu siku hiyo mgongo wake mwenyewe ndio unaobeba madumu. Tanzania ilifunga machinjio yake mwaka 2022, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Hatua hiyo haikujileta. Nyuma yake kulikuwa na mashirika yaliyokusanya takwimu, wafugaji waliotoa ushahidi, na wachangiaji waliolipia kazi isiyopigwa picha. Shirika la Donkey Sanctuary, lenye makao yake hapahapa Uingereza, lilikuwa miongoni mwao. Ni shirika lililofungua kliniki ya punda Lamu mwaka 1987, mji ambako vichochoro havipitishi gari na mchanga, mawe na magunia hubebwa na punda.

Kwa hiyo hakuna ugomvi kati ya kusaidia watu na kusaidia viumbe wanaoishi nao. Ugomvi upo kati ya msaada uliofikiriwa na msaada wa kukurupuka, na madhara ya kukurupuka tunayajua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mti wa mathenge uliletwa Baringo kwa nia njema kabisa: kuzuia jangwa, kutoa kuni na kivuli. Ulistawi kupita kiasi. Ukameza malisho, ukaziba njia za kwendea maji, na maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wananchi wa eneo hilo walifungua kesi, na wakampeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi awe ushahidi wao. Waliouleta mti ule walikuwa na hesabu za miche iliyopandwa. Wafugaji ndio walioachiwa matokeo.

Kosa jingine ni kuchagua kwa sura. Tembo na simba wana wapenzi duniani kote, na hatusemi waachwe. Lakini nani aliyewahi kutundika ukutani kalenda yenye picha ya tumbusi? Mfugaji akitia sumu kwenye mzoga ili amuue simba aliyemlia ng'ombe, tumbusi hufa kwa makumi, na mizoga hubaki ikioza porini bila wa kuisafisha. Au tumtazame chura wa Kihansi, kiumbe wa rangi ya dhahabu asiyezidi sentimita 3, anayezaa watoto walio hai badala ya kutaga mayai. Duniani kote aliishi sehemu moja tu: kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, chini ya milima ya Udzungwa. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme mwaka 2000, manyunyu yalipungua na chura akaanza kutoweka. Karibu chura 500 walipelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani, zikiwemo za Bronx na Toledo. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Waliolelewa na kuzaliana ugenini wakarudishwa Tanzania, na 2012 wakaanza kuachiwa Kihansi. Kazi ya namna hiyo huchukua miaka, haina shangwe, na bila watu wa kuigharamia kimyakimya haifanyiki.

Basi tuchague kwa vigezo gani? Jarida hili linapendekeza maswali manne, na shirika lolote linaloomba fedha zetu liyajibu.

La kwanza: nani anaamua? Marehemu Jane Goodall alifika Gombe mwaka 1960 kuwachunguza sokwe, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliruka kwa ndege juu ya eneo lile akaona vilima vinavyoizunguka hifadhi vimebaki vipara. Akatambua kwamba sokwe hawataokoka ikiwa wanakijiji wa Kigoma hawana namna nyingine ya kuishi. Mwaka 1994 taasisi yake ikaanzisha mpango wa TACARE, uliowauliza wanavijiji shida zao kwanza: maji, afya, mashamba, shule. Shirika linalowaona wenyeji kama wavamizi wa msitu wao wenyewe halitufai.

La pili: kimebaki nini? Kupanda mche ni kazi ya asubuhi moja, kuutunza hadi uwe mti ni kazi ya miaka. Shirika likituambia limepanda miche laki moja, tuulize mingapi iko hai baada ya masika mbili, ni ya aina gani, na ardhi ile ni ya nani. Mikoko ndiyo yenye kudai uangalifu zaidi, maana kila aina ina kina chake cha maji. Ukipanda mkandaa mahali pa mchu, umeitupa kazi yako baharini.

La tatu: hesabu ziko wapi? Hapa England na Wales, daftari la Charity Commission liko wazi kwa kila mtu bila malipo. Linaonyesha mapato, matumizi, majina ya wadhamini, idadi ya watumishi wanaolipwa zaidi ya pauni 60,000, na kama taarifa zimechelewa. Scotland wana daftari lao pia. Lakini tusiwe watu wa kutazama asilimia ya gharama za ofisi peke yake. Askari wa wanyamapori hula mshahara, daktari wa mifugo hununua dawa, na mhasibu mwaminifu hulipwa. Shirika linalodai halina gharama yoyote ama linaficha, ama halifanyi kazi.

La nne: nani ameumia? Aprili 2024 Benki ya Dunia ilisimamisha kutoa fedha kwa mradi wa utalii na hifadhi kusini mwa Tanzania, baada ya wanavijiji wa jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kulalamikia kuhamishwa na vitendo vya ukatili. Ikiwa benki kubwa namna ile ilihitaji kusikia sauti za wanakijiji ili isimame, sisi tuzisikie kabla hatujaanza.

Na hapo ndipo jumuiya yetu ina nguvu kuliko wachangiaji wengi wa nchi hii. Mchangiaji wa kawaida hapa husoma kijitabu kilichochapishwa vizuri, akaamini au asiamini. Sisi tuna Kiswahili na tuna jamaa. Chukua mfano wa Watamu. Kwa miaka mingi shirika la Local Ocean Conservation limekuwa na utaratibu wa kasa wanaonasa kwenye nyavu kwa bahati mbaya: mvuvi hupiga simu, wahudumu hufika, humpima kasa, humvisha alama na kumrudisha baharini, naye mvuvi hupewa kifuta jasho. Miongoni mwetu wapo wenye shangazi Malindi na wajomba Kilifi. Mtu akimuuliza mvuvi, kwa lugha yake na bila karatasi mkononi, "Mkiwapigia wanakuja? Na hicho kidogo wanawapa?", amefanya ukaguzi ambao ofisi ya London haiwezi kuufanya. Kuuliza si ujinga, na kwa mwenye dhamana ya fedha za wenzake ni wajibu.

Yapo mambo mawili ya utaratibu. Anayelipa kodi hapa Uingereza na kulichangia shirika lililosajiliwa nchini humu ajaze fomu ya Gift Aid; shirika hudai serikalini peni 25 za ziada kwa kila pauni moja, bila yeye kuongeza chochote. Mchango unaotumwa moja kwa moja kwa kikundi cha kijijini haupati nyongeza hiyo, na fedha zilizochanganywa kwenye kapu letu bila majina na fomu huipoteza. Kwa hiyo mashirika yaliyosajiliwa hapa tuyachangie mtu mmojammoja, na kapu la jumuiya tulitengee vikundi vya nyumbani. La pili ni kwa ndugu zetu Waislamu waliotuuliza: zaka ina mafungu yake manane yaliyotajwa, na kasa na mikoko havimo. Mchango huu ni wa sadaka, na aliyetaka kutoa asiupunguze kwenye haki ya maskini.

Pendekezo letu kwa mkutano ni hili. Tuchague mashirika mawili tu. Moja liwe la ardhi au bahari inayosimamiwa na wanavijiji wenyewe, kwa mfano wa Gazi. Jingine liwe la wanyama wanaoishi na watu kila siku, punda au mbwa, ambao wafadhili wakubwa huwasahau. Tuahidi miaka mitatu, kwa sababu kikundi kisichojua kama fedha za mwakani zitakuja hakiwezi kuajiri mlinzi wala kuagiza chanjo. Kila mwaka mwanachama mmoja anayekwenda likizo aombwe kufika mahali penyewe, azungumze na majirani wa mradi kabla ya kuzungumza na meneja, na taarifa yake ichapwe katika jarida hili, iwe nzuri au mbaya. Ikiwa mbaya, tuhamishe mchango wetu bila kuoneana haya.

Tunawaomba wote mje mkutanoni. Mwenye shirika analolipendekeza aje na mambo mawili: namba yake ya usajili, na maneno ya mtu mmoja anayeishi jirani na kazi ya shirika hilo na asiyelipwa nalo. Pendekezo lisilo na hayo mawili lisubiri mwaka kesho.