Msiisingizie Vuga

Wanaopinga programu huria kupandisha sharti la toleo la chini kabisa la hifadhidata wana hoja tano. Mmezisikia, sasa zipimeni moja moja.

Ya kwanza: sharti hilo litaumiza vituo vya afya vya milimani, na mfano wao ni Vuga, kule Bumbuli. Huruma ipo, ila imebisha mlango usio wake. Takwimu za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya wa Tanzania, hujazwa vitabuni, hujumlishwa kila mwezi, kisha huingizwa DHIS2, mfumo huria uliokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Hifadhidata yake ya PostgreSQL imo kwenye seva ya taifa, si kabatini mwa zahanati. Mwingizaji anahitaji kivinjari na mtandao tu. Toleo likipandishwa, kazi ni ya wasimamizi wa seva hiyo.

Ya pili: basi tazameni OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa, ambao nchini Kenya na Uganda husimikwa kwenye seva za vituo vyenyewe. Hapa mzigo upo kweli. Wanasema kituo hakina fundi wa kupandisha toleo, kiachiwe la zamani. Lakini OpenMRS hutumia hifadhidata ya MySQL, na MySQL 5.7, iliyotoka Oktoba 2015, ilifikia mwisho wa matunzo Oktoba 2023. Asiye na fundi wa kupandisha toleo atampata wapi wa kuziba matundu ambayo wenye MySQL wenyewe wameacha kuyaziba? Uhaba wa mafundi umegeuzwa sababu ya kuchagua njia inayodai fundi hodari zaidi.

Ya tatu: la zamani bado linafanya kazi. Kazi gani? Iwekee MySQL 5.7 kanuni ya CHECK inayokataa uzito wa mtoto ulio chini ya sifuri. Itaipokea amri bila kulalamika, kisha itaipuuza. Kanuni hizo zilianza kutekelezwa katika toleo 8.0.16, mwaka 2019. Na mwandishi wa programu anayelazimishwa kuhudumia 5.7 hawezi kuzitegemea hata kwa wenye toleo jipya. Aliyebaki nyuma anawazuia waliotangulia.

Ya nne: programu ni huria, hivyo hakuna mwenye haki ya kuweka mipaka. Leseni ya BSD ya DHIS2 inakuruhusu kuchukua msimbo, kuubadili na kubaki na toleo la zamani hadi uchoke. Haimlazimishi mwingine akutunzie. Wanadai uhuru wa kutobadilika, huku wakiwanyima waandishi uhuru wa kuacha kuwasubiri.

Ya tano: sharti huja ghafla. PostgreSQL hutunza kila toleo kuu kwa miaka mitano, na tarehe ya mwisho hutangazwa mapema. Toleo la 10 lilitoka Oktoba 2017 na kufungwa Novemba 2022. Bajeti ya serikali hupangwa kila mwaka, kwa hiyo katika kipindi hicho zilipita tano. Aliyeshindwa kuliingiza jambo hili hata katika moja hakushtukizwa, aliamua.