Brashi Si Servisi: Mdosi Anaokoa Plagi, Wewe Unalipa Petroli

Wasee, tarehe 14 ya kila mwezi imekuwa sikukuu ya hasira. EPRA inatoa bei mpya ya mafuta, na kabla hujamaliza ugali kila mtu kutoka Maua hadi Kiritiri amegeuka mchumi. Tunalaumu serikali, tunalaumu dola, tunalaumu vita vya nchi za mbali. Sawa, laumuni. Lakini tarehe 15 asubuhi, yule yule aliyekesha akipiga kelele anaingia kwenye pikapu inayotetemeka kama mgonjwa wa malaria, inakohoa, inatema petroli mbichi kwenye ekzosi, na anaipeleka hivyo hivyo hadi Nairobi. Hiyo petroli haijachukuliwa na EPRA. Imemezwa na plagi nne na nyaya tano ambazo mwenye gari amekataa kununua.

Naongea na wewe kijana unayeendesha gari ya mtu. Hilux ya petroli ya zamani, ile ya distributa, inayobeba ndizi za Nkubu, muguka ya Mbeere ama miraa ya Igembe. Mnajuana na mdosi: jioni unaleta hesabu yake, mafuta ni juu yako, kinachobaki ndicho chako. Sasa sikiza vizuri, kwa sababu ndani ya hiyo mipango kuna mtego. Plagi na nyaya ni spea, kwa hivyo ni pesa ya mdosi. Petroli inayopotea kwa sababu ya plagi mbaya ni mafuta, kwa hivyo ni pesa yako. Mdosi akikataa kununua plagi, yeye hapotezi kitu. Wewe ndiye unampa mkopo kila siku, bila riba na bila shukrani.

Ndio maana wimbo wa gereji zetu ni ule ule: "Piga brashi turudishe." Fundi anafungua plagi, anazikwangua na brashi ya waya ama msasa, anazimwagia petroli, anazipuliza, anazirudisha. Gari inawaka vizuri kidogo, mdosi anatabasamu, wewe unaambiwa umefanyiwa servisi. Buda, hiyo si servisi. Huko ni kumpaka mgonjwa poda usoni na kumwambia arudi shambani.

Tuongee vile kitu chenyewe kinafanya kazi. Betri yako ina volti 12. Koili inazipandisha hadi zaidi ya 20,000, distributa inagawa, waya unabeba hadi kwa plagi, na cheche inaruka pale kwenye gepu, nafasi ya kama milimita moja. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi inapiga cheche mara 1,500 kwa hiyo dakika. Zote nne ni mara 6,000. Endesha saa nne kwa mzunguko huo, umepiga cheche zaidi ya milioni moja. Kila cheche inakula kachuma kadogo sana. Ncha zilizokuwa kali zinakuwa mviringo, gepu inapanuka, na gepu ikipanuka cheche inahitaji volti nyingi zaidi ili iruke.

Brashi hairudishi chuma kilicholiwa. Inatoa masizi tu, na si bure. Brashi ya waya inaacha mistari midogo ya chuma kwenye ile kauri nyeupe ya plagi, na umeme unapenda njia rahisi: badala ya kuruka gepu unateleza kwenye hiyo mistari na kupotelea kwenye mwili wa injini. Ukipiga brashi plagi ya iridium ndiyo umemaliza kabisa, kwa sababu ncha yake ni nyembamba kama sindano.

Halafu kuna wale wajanja wa nusu, wananunua plagi mpya na kuacha nyaya za tangu gari itoke Japani. Msee, waya wa plagi si kamba ya kuanikia nguo. Kila siku unachemka na injini, usiku unapoa, mpira wake unakauka na kupasuka mipasuko ambayo jicho halioni. Ndani yake uwezo wa kupitisha umeme unapungua. Plagi zilizochoka zikidai volti nyingi, huo umeme unatoboa pale mpira umedhoofika na kurukia chuma kilicho karibu. Koili nayo inalazimishwa kufanya kazi ya ziada hadi inachemka. Mwisho unaambiwa koili imekufa, unanunua koili, na ugonjwa uko pale pale. Plagi, nyaya na kofia ya distributa ni familia moja. Huwezi kulisha mtoto mmoja halafu ushangae wengine wanalia.

Na hapa kwetu ndipo waya mbaya hujianika. Asubuhi Timau ama Kibirichia kuna baridi na ukungu, gari inamisi. Saa sita jua limewaka, iko sawa, fundi anasema haoni shida. Shida ni unyevu kwenye nyaya zilizopasuka. Ngoja usiku, fungua boneti pahali pa giza, washa injini, weka mikono mbali, uangalie. Ukiona vicheche vya buluu vinacheza juu ya nyaya kama vimulimuli, hiyo ni pesa yako inacheza. Ukiwa na mita, chomoa waya mmoja mmoja injini ikiwa imezimwa, upime. Kwa Toyota nyingi za aina hii, waya mmoja usipite ohmu 25,000. Ukipita hapo, kwaheri.

Sasa hesabu. Tuseme silinda moja tu kati ya nne inakosa cheche moja katika kila kumi. Hata hutasikia vizuri, utadhani ni uzee wa gari. Lakini hiyo ni sehemu moja kwa arobaini ya mafuta yako inayotoka bila kuchomeka. Safari ya Meru hadi Nairobi na kurudi ni kama kilomita 450. Ikikunywa lita 40, umemwaga lita moja barabarani. Safari tano kwa wiki, miezi mitatu, ni kama lita 60. Zidisha kwa bei ya tarehe 14, kisha nenda dukani uulize bei ya plagi nne za kawaida na seti ya nyaya. Linganisha mwenyewe, mimi sitakuambia jibu. Na hapo hatujahesabu vile unakanyaga zaidi ili urudishe nguvu iliyopotea. Silinda ikikufa kabisa, si lita moja tena. Ni robo ya tenki.

Na si pesa tu. Cheche dhaifu huonekana gari ikibebeshwa mzigo na kupanda mlima, kwa sababu hapo shinikizo ndani ya silinda linapanda na umeme unahitaji nguvu zaidi ili uruke. Mnaijua barabara yetu: Nkubu, Chogoria, Chuka, Runyenjes, mabonde na mito hadi Embu. Mnalijua daraja la Nithi, ambapo Julai 2022 basi lilitumbukia na zaidi ya watu 30 wakafa. Sisemi hiyo ilikuwa plagi. Nasema hiyo ni barabara isiyosamehe. Sasa wewe umebeba mzigo umepita kimo cha kebini, unapanda, umetoka nyuma ya lori kuipita, mbele kuna taa zinakuja, na katikati ya hapo injini inameza mate. Mdosi wakati huo yuko nyumbani anaangalia mpira.

Najua majibu yenu, nimeyasikia yote.

"Plagi orijino ni ghali." Ndiyo, na feki ni rahisi, ndiyo maana zimejaa. Kenya ina sheria ya bidhaa ghushi tangu 2008 na ina mamlaka ya kuzisaka, lakini hakuna afisa atakayesimama nawe kwenye kaunta. Angalia mwenyewe: maandishi kwenye kauri yawe safi, meno ya skrubu yawe laini, ncha zikae katikati na sawa, na ile washa ya chini isidondoke ovyo ukiitikisa. Nunua mahali wanakupa risiti. Na usidanganywe kwamba lazima iridium. Kama kitabu cha gari kinasema plagi ya kawaida ya namba fulani, weka hiyo namba. Tofauti ni kwamba ya kawaida unabadilisha kila kilomita 30,000 hivi, na iridium hufika karibu 100,000. Kwa safari tano za Nairobi kila wiki, hizo 30,000 zinaisha kwa miezi mitatu na kitu. Si miaka mitatu. Miezi.

"Fundi wangu amepiga brashi miaka ishirini." Fundi anapiga brashi kwa sababu nyinyi mnamlipa apige brashi. Mkileta gari bila spea na mnataka itoke saa hiyo hiyo, afanye nini, atoe plagi mfukoni? Mimi sina vita na mafundi wa jua kali, wengine wanaijua injini kuliko waliosomea. Vita yangu ni na anayeshika pochi.

"Mambo ya plagi niachie fundi." Apana. Hii ndiyo inaniuma zaidi, kizazi kinachoweza kufungua simu na kubadilisha kioo kinaogopa plagi. Kazi yenyewe si uchawi. Injini iwe imepoa, usije ukaharibu meno ya silinda hedi. Puliza vumbi kwanza, maana vumbi letu jekundu likiingia ndani ya silinda ni msasa. Shika kofia ya waya, usivute waya wenyewe. Toa moja, rudisha moja, kisha uende kwa nyingine, ili usichanganye mpangilio; kwa Toyota nyingi za silinda nne ni 1-3-4-2, na ukichanganya gari itarusha moto kwa kabureta ama isiwake kabisa. Pima gepu kabla ya kufunga. Anza kuifunga kwa vidole, ikigoma, usilazimishe. Ikifika chini, plagi mpya yenye washa iongeze nusu mzunguko ama zaidi kidogo, basi, si kuninginia kwa spana. Nyaya zipite njia yake ya zamani, mbali na ekzosi, na usikie kofia ikishika.

Na usitupe plagi za zamani kabla ya kuzisoma. Kahawia hafifu ama kijivu, injini iko poa. Nyeusi ya masizi makavu, mafuta yanaingia mengi. Iliyolowa oili, ringi ama sili za valvu zinakuita. Nyeupe sana, inachemka ama hewa imezidi. Hiyo ni ripoti ya daktari, bure, na wengi wenu mnaiacha gereji ikapigwe brashi na kuuziwa mtu mwingine.

Ukijua hivyo pia hutadanganywa. Probox yenye koili juu ya kila plagi haina nyaya za plagi, kwa hivyo anayekuuzia seti ya nyaya anakuuzia hewa. Isuzu ya dizeli haina plagi za cheche kabisa; inawasha kwa kubana hewa, na zile unazoonyeshwa, kama zipo, ni hita plagi za kusaidia wakati wa baridi. Msee anayelipia "plagi za lori" ya dizeli kila mwezi analipa karo ya mtoto wa mtu.

Sisi watu wa huku tunajua kupigania riziki. Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka 2014, tulilia hadi Bunge likasikia. Somalia ilipofunga mlango kutoka 2020 hadi 2022, tulilia. Mei 2024 kaunti za Pwani zilipoanza kupiga muguka marufuku, Embu ilisimama kama mtu mmoja. Vizuri sana. Lakini kama tunaweza kubishana na serikali za nchi tatu, tunaogopa nini kumwambia mdosi mmoja anunue plagi?

Kwa hivyo mapatano yabadilike. Kabla ya kuchukua funguo, mwambie: plagi na nyaya ni zako, tarehe na kilomita tunaandika kwa daftari, plagi kila 30,000, nyaya zikipimwa zikifeli zinatoka, na nikifungiwa mpya nataka kuona boksi na kubaki na za zamani. Akikataa, basi hesabu ya jioni ishuke kwa lita zinazopotea. Mwekee hiyo hesabu mbele yake kwa karatasi. Mdosi anayejua kuhesabu atanunua plagi siku hiyo hiyo. Asiyejua kuhesabu atakuambia wewe ni mjuaji na kuna vijana wengi wanatafuta gari. Ni kweli wapo. Ndiyo maana nimeandika hii waisome na wao, ili akienda kwa wa pili na wa tatu akutane na swali lile lile: plagi zilibadilishwa lini?