ALIYEKWISHA KUANGUKA



Usiku mmoja niliitwa kumpaka mafuta matakatifu kijana aliyekamatwa na kuku wawili wa wizi. Nilimkuta amelala kifudifudi, mikono imefungwa kamba, naye angali akipigwa. Sauti za baadhi ya wapigaji nilizitambua; wengine huimba kwaya. Alifariki kabla hakujapambazuka. Asubuhi nikaambiwa: “Padre, tulikuwa tunajilinda.”

Mtakatifu Thoma wa Akwino afundisha kuwa ni halali kuzuia nguvu kwa nguvu, mradi iwe kwa kiasi. Atumiaye nguvu kupita mahitaji ya kujikinga atenda isivyo haki. Katekisimu ya mwaka 1992 yarudia fundisho hilo, na sheria ya Tanzania nayo huruhusu nguvu za kiasi tu. Basi anijiaye na panga naweza kumzuia, hata kumwangusha. Lakini akiisha kuanguka, na panga limetwaliwa, najilinda na nini tena?

Tazameni ndondi. (Mimi siupendi mchezo huo, ingawa seminarini tuliusikiliza redioni kwa siri.) Kwa kanuni zilizotangazwa Uingereza mwaka 1867, zile za Queensberry, bondia akianguka mwenzake hurudi nyuma, naye hupewa sekunde kumi za kuinuka. Wanaopigana kwa ujira hawaruhusiwi kumgusa aliye chini! Hata vitani, Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 yaamuru askari aliyeweka silaha chini, au aliyejeruhiwa, atendewe kibinadamu. Najua huvunjwa mara nyingi. Walakini aivunjaye huitwa mhalifu. Sisi twaitwa “wananchi wenye hasira kali”, kana kwamba hicho ni cheo kisichoshtakiwa.

Mtasema: “Tukimpeleka polisi, kesho twamwona mtaani.” Silipuuzi neno hilo. Rushwa imewachosha maskini, na yatupasa kuikemea waziwazi, kwa majina ya vyeo. Lakini deni la mwenye cheo tulimlipisha kijana aliyefungwa kamba, kwa sababu yeye alikuwa karibu, na hakuweza kuturudishia pigo.

Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, nawaomba mlizungumze jambo hili juma hili, na kila jumuiya ichague watu wawili watakaoitwa mara mwizi anapokamatwa, wasimame kati yake na umati hadi afikishwe kituoni. Na ninyi mlioshika fimbo usiku ule, nasikiliza maungamo kila Jumamosi kuanzia saa kumi alasiri.