Utalii wa Usambara: Mgeni apanda mlima, fedha zateremka

Na Mwandishi Wetu, Lushoto

MGENI anayefika Mombo na kupanda kilomita zipatazo 33 hadi Lushoto hahitaji kuhubiriwa uzuri wa Usambara. Joto la bondeni hubaki nyuma, ukungu humpokea. Swali ni kwamba akishafika, analala wapi, anakula nini, na fedha zake zinabaki kwa nani?

Utalii wa utamaduni ulianza Lushoto katikati ya miaka ya 1990, kwa ushirikiano wa Bodi ya Utalii Tanzania (TTB) na shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV. Lengo lilikuwa wanavijiji wenyewe wafaidike na wageni.

Katika kuongoza wageni, mafanikio yapo. Vijana wa Lushoto huwapeleka Irente, kwenye genge linalotazama Mazinde. Wengine huwaongoza kwa siku kadhaa kupitia msitu wa Magamba, Rangwi na Mambo hadi Mtae, ambako tambarare za Mkomazi huonekana chini.

Katika kulaza na kulisha, safari bado ni ndefu. Masista wa Rangwi wamekuwa wakiwapokea watembeaji kwa kitanda na chakula, na shamba la Irente linajulikana kwa jibini na mkate wake. Lakini katika nyumba nyingi za wageni chakula ni kile kile cha mjini: chipsi, mayai, wali kwa kuku. Makande, bada la muhogo na mnavu hubaki jikoni kwa mwenye nyumba, kana kwamba ni aibu kumwandalia mgeni.

Anayelipia safari yote kwa wakala wa Arusha au Dar es Salaam, na kubebewa chakula kutoka huko, huiachia Mtae nyayo tu.

Wajapani walichagua njia nyingine. Katika barabara ya kale ya Nakasendo, iliyounganisha Edo (sasa Tokyo) na Kyoto kupitia milimani, watembeaji hulala katika nyumba za wageni za familia. Huoga maji ya moto, hulala kwenye magodoro yaliyotandikwa sakafuni na kula samaki wa mtoni na mboga za mlimani. Chakula cha kienyeji ndicho walichokifuata.

Kijiji cha Tsumago, katika barabara hiyo, kilififia baada ya reli kupita kwingine. Mwaka 1971 wakazi wake waliafikiana kutouza, kutopangisha wala kubomoa nyumba zao za kale. Mwaka 1976 Serikali ikalitambua eneo hilo kuwa hifadhi ya majengo ya kale.

Ni kweli Japani ina uwezo ambao Lushoto haina. Hata hivyo, makubaliano ya wanakijiji hayahitaji bajeti kubwa. Mjane wa Mtae mwenye chumba kimoja safi hapaswi kupimwa kwa kipimo cha hoteli ya mjini. Halmashauri ingeweza kuweka masharti mepesi: kitanda safi, choo, maji yaliyochemshwa na bei iliyobandikwa ukutani. Waongozaji nao wawafikishe wageni katika nyumba hizo kwa zamu.

Mashamba ya milimani ni madogo, na vijana wanaendelea kuteremka kutafuta kazi Tanga na Dar es Salaam. Kila sahani ya makande inayolipiwa Mtae ni sababu moja ya mmoja wao kubaki.