Betri ya Gari Si Betri ya Sola

Sisi tulioko ughaibuni tumezoea kutuma fedha nyumbani ili wazazi wetu vijijini wapate umeme wa jua. Paneli inafungwa juu ya bati, taa zinawaka, majirani wanakuja kutazama mpira. Baada ya miezi michache inaingia simu: "Mwanangu, sola imekufa." Mara nyingi paneli ni nzima. Iliyokufa ni betri.

Kwa maoni yetu, lawama si za fundi peke yake. Fedha karibu zote tunazielekeza kwenye paneli, naye kwa kubana bajeti tuliyompa anafunga betri ya gari. Rahisi ni ghali.

Betri ya gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache ili injini iwake. Sahani zake za risasi ni nyembamba. Ukiinyonya usiku baada ya usiku, zinaharibika upesi. Betri ya sola, ile iitwayo dipu saiko, ina sahani nene zinazostahimili kutoa umeme polepole kwa saa nyingi.

Hesabu yake si ngumu. Taa 4 za wati 5 kwa saa 5 ni wati-saa 100. Televisheni ya wati 40 kwa saa 4 ni 160. Simu tuziwekee 20. Jumla ni 280. Gawanya kwa volti 12, unapata kama ampea-saa 23 kila siku. Betri ya risasi isishushwe chini ya nusu, na wakati wa masika mawingu hayakosi. Hivyo akiba ya siku mbili inahitaji betri ya ampea-saa 100, na paneli ya wati 100 hadi 150 ya kuijaza.

Kuchaji nako kuna utaratibu wake. Lazima kuwe na chaji kontrola, inayoifikisha betri ya risasi kwenye volti 14.4 hivi, kisha kuishusha hadi 13.6. Betri iliyojaa na kutulia husoma kama 12.7. Ikisoma 12.2 imefika nusu, televisheni izimwe. Betri ya maji iongezwe maji yaliyotoneshwa, si tindikali. Mwenye uwezo wa kununua ya lithiamu anaweza kutumia asilimia 80 ya umeme wake, ila kontrola irekebishwe kwa betri hiyo.

Wapo wenzetu wanaopakia betri za risasi kwenye kontena. Hatuwaungi mkono. Betri inayokaa wiki nyingi bila chaji huharibika, na ikifika mbovu mzee hana pa kuirudisha. Inunuliwe huko huko, kwa risiti na waranti.

Betri iliyokufa nayo isipasuliwe uani. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhurika na kiwanda cha kuyeyusha betri, walikwenda mahakamani, ambayo mwaka 2020 iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Betri mbovu irudishwe dukani.

Ndugu zetu, kabla ya kutuma fedha, muulizeni fundi anafunga betri gani na kontrola gani. Kama fedha hazitoshi, punguzeni paneli au hata televisheni, lakini betri iwe ya sola.