Pampu mmeifungua, vijana wa Bariadi; breki je?

KIJANA wa Bariadi! Leo siandiki habari za vigogo, wao wamezoea kuandikwa. Leo nakuandikia wewe uliyekaa kijiweni, unayebishana na wenzako ni Hiace ya nani iliyoipita ya nani kati ya Lamadi na Bariadi.

Usinifiche, nakujua. Hiace ni ya bosi, ya dizeli, imenunuliwa ibebe samaki na nyanya. Wewe umeipeleka kwa fundi ukamwambia maneno mawili tu: "Fungua pampu." Fundi kachukua spana, kalegeza nati, kakaza skrubu ya mafuta. Ukatoka gereji na moshi mweusi nyuma kama treni ya makaa. Washikaji wakapiga mbinja, ukajiona bingwa.

Mimi nasema hivi, na ukitaka kununa nuna: nguvu uliyopewa pale ni ya mkopo, tena mkopo wa kausha damu. Siku ya kulipa ipo.

Nisikilize kwanza. Dizeli haina plagi. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inapata joto la kuwasha mafuta. Injini ya 5L, yenye cc 2,986, ambayo imefungwa kwenye Hiace nyingi unazoziona, haina tabo. Inavuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, na pumzi hiyo ina kipimo. Ukimwaga mafuta kuliko hewa iliyopo, yasiyoungua vizuri yanatokea ekzosi. Huo ndio moshi unaokufurahisha. Ni pesa ya bosi inapaa angani, na wewe unaipigia makofi.

Moshi ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni joto. Kadiri unavyozidisha mafuta kwenye dizeli ndivyo ndani kunavyozidi kuwa tanuri. Gasketi inakwenda, silinda hedi inapasuka, pistoni inayeyuka kichwani. Wenye 1KZ-TE, ile ya cc 2,982 iliyozaliwa na tabo, waulize: ikichemka mara moja tu, hedi iko mashakani. Sasa wewe wa 5L unayetaka kubandika tabo ya kuokoteza kwenye injini ambayo haikuandaliwa kuibeba, unategemea nini? Maombi?

Sikukatazi kupenda mashine. Kijana anayejua pampu na nozeli ni mali ya taifa hili, na laiti nchi ingemthamini. Lakini kazi ina mpangilio wake, na mpangilio huo fundi wa haraka haraka hakuambii.

Kwanza ni breki na matairi. Pili ni kupoza: rejeta safi, feni nzima, maji yanayozunguka. Tatu ni hewa: fileta safi, na kama injini ina tabo, kipoza hewa kizima na mabomba yasiyovuja. Nne ni njia ya kutolea moshi, iwe pana na isiyozibwa. Tano ni klachi inayoweza kubeba nguvu mpya. Mafuta ndiyo ya mwisho kabisa, tena yaongezwe kidogo kidogo, na geji ya joto la ekzosi iwe mbele ya macho yako. Ninyi mmeanza na la mwisho, mkaishia hapo hapo.

Na hizo breki nazo zina siri. Hiace nyingi za mizigo zina valvu upande wa nyuma, imeunganishwa kwa fimbo na ekseli. Kazi yake ni kupima uzito. Gari likiwa tupu, inapunguza breki za nyuma ili matairi yasijifunge. Ninyi mnaongeza vyuma vya springi, gari linainuka, valvu inadhani hakuna mzigo hata kama umejaza mpaka dari. Mwingine anaifunga kwa waya ibaki kwenye mzigo siku zote. Basi siku gari likiwa tupu, ukikanyaga breki kwa nguvu, matairi ya nyuma yanajifunga na mkia unahama.

Hili nimeliona kwa macho yangu. Siku moja nilipanda mbele kwenye Hiace ya namna hiyo, imeshashusha mzigo, tunarudi Lamadi. Maeneo ya Dutwa dereva akakutana na mwenzake. Wakapigiana honi, basi, mbio zikaanza. Mshale wa joto ulikuwa umelala kwenye nyekundu, yeye anacheka. Mbele yetu mtoto akawa anavusha ng'ombe. Dereva alikanyaga breki, mkia ukatoka kuja kushindana na kichwa. Tulisimama hatua tatu kutoka kwenye pembe za ng'ombe wa mwisho. Yule mtoto hakukimbia. Alisimama na fimbo yake akatutazama, kisha akaendelea kuchunga.

Tangu siku hiyo kila nikisikia "fungua pampu" namwona yule mtoto.

Tupige hesabu, maana hesabu haina chama. Lamadi mpaka Bariadi ni yapata kilomita 70. Ukienda kwa kasi ya 80 njia nzima, unatumia dakika 52 na ushee. Ukienda kwa 100, unatumia dakika 42. Umeokoa dakika kumi! Unazimalizia wapi? Kijiweni. Lakini kwa kasi hiyo ya 100, tangu breki zinapoanza kushika gari linahitaji umbali mrefu kwa zaidi ya nusu kusimama kuliko kwa 80. Na kwenye Hiace hizi za zamani umekaa juu ya injini, mbele yako kuna bati na kioo tu. Miguu yako ndiyo bampa.

Mkoa huu hauhitaji kufundishwa kulia. Tarehe 11 Januari 2022, wilayani Busega, gari lililobeba waandishi wa habari katika msafara wa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza liligongana na Hiace ya abiria. Walikufa watu 14. Sitaki kumnyooshea kidole aliyekwisha kuzikwa. Nakukumbusha tu kwamba lami ya Simiyu haichagui mkubwa wala mlalahoi.

Sasa nawageukia wakubwa, maana nao wasidhani wamepona. Kazi yenu ni kumvizia kijana kichakani na tochi, kumwandikia faini, kisha kesho yake anarudi pale pale. Mmemkataza barabara, sawa, sheria ni sheria. Je, mmempa nini badala yake?

Marekani nao walikuwa na vijana wa namna hii. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kule California walishindana mitaani. Mwaka 1951 bwana mmoja, Wally Parks, akaanzisha chama cha NHRA kuwatoa vijana barabarani na kuwawekea kanuni. Mashindano yao rasmi ya kwanza yalifanyika Aprili 1953 mjini Pomona. Unajua wapi? Kwenye maegesho ya uwanja wa maonesho ya Kaunti ya Los Angeles, uwanja wa maonesho ya mifugo na mazao! Mstari ulionyooka, magari mawili, robo maili, yaani mita 402. Aliyetangulia kashinda, watu wanarudi nyumbani wazima.

Sasa, sisi hatuna uwanja wa maonesho? Nyakabindi ni nini? Nane Nane ya kitaifa ilifanyika pale mwaka 2018, 2019 na 2020. Agosti ikipita, pale pana kazi gani?

Nauliza Mkoa, nauliza Halmashauri, nauliza trafiki, nauliza AAT inayosimamia mbio za magari nchini: itawagharimu nini kutafuta pale au popote mkoani mita 402 za ardhi iliyonyooka, na nyingine zaidi ya hizo za kusimamia? Fundi akague breki kabla ya gari kugusa mstari. Gari la wagonjwa liwepo. Watazamaji wakae nyuma ya kamba. Mbio za baiskeli hapa Usukumani zina siku yake, zina waamuzi na zina zawadi. Za Hiace zimekosa nini?

Na wewe kijana usisubiri wakubwa waamke, wana usingizi mzito. Kesho asubuhi mrudie fundi wako. Mwambie airudishe skrubu ya mafuta ilipokuwa, kisha aingie chini ya gari aangalie ile valvu ya breki. Halafu kusanya wenzako, andikeni barua moja, mwende nayo ofisini kwa mkurugenzi mchana kweupe mkadai uwanja wenu.

Mkinyimwa, leteni nakala hapa. Tutaichapa.